Risasi Mia Mbili za Ruel

Twila Baumgart alikuwa na tabia ya kushukuru mpaka inakera. Alishukuru mvua ikinyesha na alishukuru ikikatika. Ukimpisha mlangoni posta alikushukuru mara tatu, na ukimwambia si kitu, alikushukuru kwa kusema hivyo. Miaka thelathini na mmoja alipika jikoni mwa shule ya mji wetu wa Orleck, Nebraska. Watoto aliowalisha supu nzito ya maharage na mikate ya mdalasini siku hizi ni watu wazima wenye vitambi, naye bado anawashukuru kwa kumaliza sahani.

Ila shukrani yake kubwa ilikuwa kwa Ruel Overby, na hiyo alikuwa haimalizi.

Mumewe Dell alipofariki alimwachia bastola mbili na gereji yenye mashine ya kujazia risasi. Mwaka mzima Twila hakufungua mlango wa gereji ile. Aliyekuja kuugonga alikuwa Ruel, fundi mstaafu wa mashine za kuvunia mahindi, mwenzake Dell katika klabu ya shabaha. Mzee yule hana maneno ya kufariji, Mungu alimnyima kabisa. Alisimama kizingitini na kofia yake mkononi.

"Twila, Jumamosi kuna mashindano. Bastola ya Dell inaota kutu. Unataka uizike na yenyewe?"

Twila alilia, akamtukana kidogo, akachukua koti. Tangu siku hiyo hakukosa Jumamosi. Alikuwa mpigaji wa kawaida, tena wa polepole, lakini alikuwa amerudi miongoni mwa watu, na alijua nani aliyemrudisha.

Anayepiga shabaha kila wiki hawezi kununua risasi dukani kila mara. Huokota maganda yake matupu akayajaza upya: fataki mpya ya kuwashia kitakoni, baruti ndani, kichwa cha risasi juu, kisha mdomo wa ganda unabanwa. Mashine ya Dell ilifanya kazi moja kwa wakati mmoja. Risasi moja tu iliutaka mkono wa mashine uvutwe mara nne, na vidole vya Twila vilikuwa na baridi yabisi ya miaka ya kukanda unga. Akaamua kutafuta mashine ya sahani inayozunguka. Hiyo ina vituo vitano. Ukivuta mara moja, kila ganda linafanyiwa kazi ya kituo chake, sahani inasogea, na mwishoni inadondoka risasi iliyokamilika.

Gazetini Twila aliona mashine ya aina hiyo yenye mota, akaipenda.

"Achana nayo," Ruel alisema. "Mota ni ya mtu anayepiga elfu moja kwa wiki. Wewe unapiga mia tatu kwa mwezi, na zote zinakwenda kushoto."

"Si zote, mzee."

"Sawa, mbili zilikwenda kulia. Sikiliza, bibie. Mota haina hisia. Kitu kikikwama yenyewe inasaga tu. Mkono unajua. Mkono ukihisi kitu kimegoma, unasimama."

Akamzungusha gereji tatu za watu wa klabu, akimvutisha mikono ya mashine kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. Ya kwanza ilikuwa nzito kwa bega lake. Ya pili ilikuwa nyepesi, lakini mtu hakuweza kuona ndani ya ganda kabla kichwa hakijawekwa juu, na Ruel akamvuta Twila nje kabla hajaanza kuishukuru. Ya tatu ilikuwa kuukuu, mkono wake mrefu, na ukikaa kwenye kigoda ulichungulia baruti ndani ya kila ganda bila kuinuka. Hiyo ndiyo waliyochukua.

Wiki ya kwanza ilimtoa jasho. Fataki zilikuwa zikigeuka kichwa chini, sahani ilisita, maganda yaliingia upande. Twila aliapa mashine ina mkosi. Ruel alilala chali chini ya meza na tochi mdomoni, akatoka na mchanga mweusi wa fataki zilizotumika kiganjani.

"Mkosi wako huu hapa. Na boliti ya sahani imelegea robo mzunguko. Mashine mbovu nyingi ni mashine chafu tu, Twila."

Akaisafisha, akaikaza, kisha akampa sheria moja, akairudia mpaka Twila akawa anaisema usingizini. Mashine ikikwama, usibahatishe. Toa maganda yote matano kwenye sahani, mwaga baruti irudi kwenye chombo chake, anza upya.

"Yote, Twila. Hata kama moyo unakuuma."

Sasa, kwetu huku watu huazimana trekta, huazimana fahali, huazimana hata chumba cha wageni kwa mwezi mzima. Lakini risasi aliyoijaza mtu mwingine hupigi. Ndugu atakupa boksi zima, utamshukuru, ukifika nyumbani unaliweka juu ya kabati likae huko mpaka ufe. Akikosea yeye, bastola inapasukia kwenye vidole na macho yako wewe. Kwa hiyo Ruel alipouza nyumba akahamia chumba cha nyuma kwa binti yake, penye wajukuu na marufuku ya baruti, kila mtu alijua siku zake za shabaha zimekwisha. Alikuja kwa Twila na kopo la maganda.

"Nijazie mia mbili kwa mwezi," alisema, akiangalia ukuta.

Twila alilipokea kopo kwa mikono miwili. Katika maisha yake hajawahi kupewa heshima kubwa kuliko ile, na hiyo ni pamoja na siku ya harusi.

Miezi mitano mambo yalikwenda vizuri. Mwezi wa sita, Alhamisi asubuhi, ganda liliingia upande katika kituo cha kwanza, na mkono wa mashine ukagoma nusu njia. Wakati huohuo simu ikalia jikoni. Walikuwa akina mama wa kanisani: kuna mazishi Jumatatu, je, Twila ataleta nyama ya paja la nguruwe au viazi? Wakajadiliana kwa kirefu, maana huku kwetu mazishi yenye viazi sufuria saba na nyama moja ni aibu ya kanisa zima. Twila akarudi gereji akili yake ikiwa bado kwenye tanuri. Akalitoa lile ganda lililopinda, akalinyoosha, akalitia fataki, na kwa kuona uchungu kulipoteza akalipachika kwenye kituo cha tatu, kilichokuwa wazi kwa kuwa alishatoa ganda moja kulikagua, huku akijiambia limeshapita kwenye baruti. Halikuwa limepita. Akavuta mkono tena. Lile lililokuwa limesubiri kituo cha pili, cha kutilia baruti, lenye baruti yake tayari, likapewa nyingine juu yake. Baruti ya bastola ni kidogo, mara mbili yake inaenea ndani ya ganda bila kumwagika. Asiyechungulia hajui. Naye asubuhi ile hakuchungulia.

Jumamosi Twila alikuwa uwanja wa pili. Viwanja vyetu vya shabaha viko sita kwa mstari, vimetenganishwa na kuta za udongo. Aliyeshika kipima muda alikuwa Kermit Sladek, mtu mwenye mdomo mrefu, ambaye Twila hakumpenda sana kwa sababu kila wiki alimuuliza kama ameleta kalenda ya kupimia muda wake.

Kipima muda kikalia. Twila akapiga moja, mbili, tatu. Ya nne ikatoa kijisauti cha puh, kama mtu aliyepiga chafya ndani ya mto. Kila aliyewahi kushindana anajua kidole hufanya nini hapo: saa inakimbia, nacho kinataka kuendelea. Twila akavuta nyuma kifuniko cha juu cha bastola, akaondoa ganda lililokwama, akarudisha kidole.

"Acha! Twila, acha! Kidole nje!"

Kermit alipaza sauti mpaka mate yakamtoka. Twila akaganda. Bastola ikafunguliwa, na Kermit akapitisha kijiti ndani ya mtutu. Kikafika katikati kikagota. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama humo, kimesukumwa na fataki peke yake. Risasi inayofuata ingegonga hicho, na mtutu ungepasuka mikononi mwake.

"Haikuwa na baruti hata chembe," Kermit alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Ulikwama ulipokuwa unajaza?"

Hapo ndipo Twila alipoona asubuhi yote ya Alhamisi, simu, ganda, mkono wa mashine. Kama moja haikupata baruti, basi ipo iliyopata mara mbili. Na nusu ya risasi za siku ile alimpa Ruel.

"Ruel yuko wapi?"

"Uwanja wa sita. Nadhani yeye ndiye anayefuata."

Twila ana goti la bandia. Alikimbia. Mficha uchi hazai, na mwanamke yule hakuwa na dakika ya kuficha chochote. Alipiga kelele mbele ya klabu nzima, "Acha! Ruel, acha! Risasi zangu mbovu!" Ruel ni kiziwi nusu hata bila vizibo masikioni, na kati yao palikuwa na kuta nne za udongo na milio ya bastola. Sauti ya Twila isingefika hata ukuta wa pili.

Lakini sheria yetu ni kwamba neno lile halina mwenyewe. Anayelisikia, hata kama hajui sababu, hulirudia. Watu wa uwanja wa tatu wakalirudia, "Acha!" Wa nne wakalipokea, wa tano wakalirusha mbele, likapita juu ya kuta likimtangulia Twila mbali. Bastola zikanyamaza moja moja. Alipozunguka ukuta wa mwisho akihema, Ruel alikuwa amesimama kwenye mstari, bastola kiunoni, mkono ukining'inia juu yake, na mshika kipima muda alikuwa mbele ya uso wake akitikisa kichwa.

"Kuna nini?" Ruel aliuliza. "Nani amekufa?"

"Usizipige," Twila alisema. "Mzee, nilikwama nikabahatisha. Sikutoa yote."

 Ruel akaanza kutoa magazini, vile vikasha vya risasi, kwenye mkanda wake, moja baada ya nyingine.

Walikaa kwenye kibanda cha klabu, risasi zote zimemwagwa mezani, zake na za Twila.

"Si tuzipime tu?" mtu mmoja akasema.

"Maganda yanatofautiana uzito kuliko baruti yenyewe," Ruel akajibu. "Mizani itatudanganya. Zifunguliwe."

Kuifungua risasi ni kuiweka ndani ya nyundo ya plastiki yenye uwazi na kuipiga sakafuni mpaka kichwa kichomoke. Mikono ya Twila ilikataa kwenye ya tano. Akaendelea hivyo hivyo, machozi yakimdondoka kwenye baruti, mpaka Kermit akamnyang'anya nyundo.

"Lete hapa. Wewe hata kugonga unagonga kwa kalenda."

Mashindano yalipokwisha hakuna aliyekwenda nyumbani. Waliokuwa na nyundo magarini walizileta, wengine wakakaa sakafuni, na kibanda kikawa kinadunda kama karakana ya seremala. Twila alipita na supu yake ya maharage akimshukuru kila mmoja, mpaka wakamwomba anyamaze ili waweze kuhesabu.

Kermit ndiye aliyeipata. Aliimwaga kwenye kisahani cha mizani, akapima, akapima tena, akamsogezea Ruel. Mara mbili kamili. Ilikuwa imetoka kwenye magazini ya pili ya Ruel, ya tatu kutoka juu.

Ruel aliutazama mkono wake wa kulia, akaufunga, akaufungua. Hakumwangalia Twila. Alivaa kofia, akatoka.

Jumapili Twila aliifunika mashine na shuka, akaandika tangazo la kuiuza. Hakumlaumu mzee. Alikaa jikoni akiushukuru mdomo mrefu wa Kermit, akiwashukuru watu wa uwanja wa tatu ambao hawakuuliza sababu, na kila alipomaliza kushukuru alibaki na lile lililomuuma: mtu aliyemtoa kaburini kwa Dell, yeye alikuwa karibu kumkata vidole.

Alhamisi mlango wa gereji ukagongwa. Ruel aliweka kopo la maganda juu ya meza, akavuta shuka ikaanguka.

"Nataka mia mbili kwa Jumamosi."

"Una wazimu, mzee?"

"Kosa moja haliachi mke."

"Mimi si mkeo!"

"Namshukuru Mungu kwa hilo. Watu wote wa klabu hii wamewahi kukosea, Twila, na mimi ndiye wa kwanza. Tofauti ni kwamba mimi nilinyamaza, bastola ya ndugu yangu ikapasuka, na mpaka leo hana kidole gumba. Wewe ulipiga kelele na goti lako bovu." Akavuta kigoda, akakaa kando ya mashine. "Jaza."

Twila alijaza. Alichungulia kila ganda, yote mia mbili, na ikachukua mchana mzima.

Jumamosi Ruel aliitwa kwenye mstari. Aliyeshika kipima muda alikuwa Kermit. Mshika kipima muda husimama ubavuni mwa mpigaji, umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwenye bastola, na Twila, aliyekuwa nyuma na wengine, alimwona Kermit akiziangalia magazini zote za mkanda wa mzee.

"Za nani hizo?" Kermit aliuliza.

"Za Twila."

Kermit alirekebisha miwani yake, akasogea mahali pake palepale pa kila siku, bega kwa bega na mzee, akainua kipima muda.

"Haya. Mpigaji yuko tayari?"