Mama Vishikio, fundi wa chuma anayewabakiza wazee kwao

Asubuhi hii fundi ameinama ndani ya bafu dogo, shavu lake karibu liguse ukuta. Hajatoa futi wala keekee ya kutobolea. Anatazama alama za viganja kwenye rangi nyeupe: moja karibu na bomba, nyingine pembeni mwa mlango, ya tatu chini kidogo, imeburuzwa.

"Hapa anashika akiingia," anasema. "Hapa akigeuka. Na hapa ndipo alipotafuta pa kushika akakosa."

Mwenye viganja yuko sebuleni, amekunja mikono kama abiria aliyecheleweshewa safari. Ni dereva wa treni mstaafu, mgane, anayeishi peke yake. Wiki chache zilizopita aliteleza humo bafuni akaangukia nyuma ya mlango. Mlango unafungukia ndani, na kila mara binti yake alipousukuma, ulimgonga baba mbavuni. Ikabidi majirani wang'oe dirisha.

Tangu siku hiyo binti ameshikilia kwamba baba ahamie kwake, ghorofani. Baba hataki hata kusikia. Kitu kimoja tu ndicho walichokubaliana: fundi aje kwanza aangalie.

Fundi huyo ni mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na viganja vigumu kama kandambili. Zamani alichomelea mageti na nondo za madirisha. Siku hizi kazi yake kubwa ni kuweka sawa nyumba za wazee, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina. Ni Mama Vishikio.

"Na wewe umekuja kunijengea jela?" mzee anamuuliza.

"Jela mtu anashikwa, baba. Hapa utashika mwenyewe."

Mzee anageuza uso dirishani, lakini mdomo umeanza kumcheza kwa tabasamu.

Kazi hii Mama Vishikio hakuifuata. Ilimkuta nyumbani. Mumewe alifariki watoto wakiwa wadogo, na wengi walitegemea angefungasha arudi kwa wazazi wake. Mama mkwe ndiye aliyekataa.

"Aliniambia, 'Uliolewa hapa, hapa ni kwako. Nenda ukajifunze kazi, wajukuu wangu niachie.' Nikamwambia nataka kuchomelea vyuma. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akauza kuku wake, nikanunua miwani ya kazi."

Miaka ikaenda, watoto wakakua. Kisha bibi yao, yule mama mkwe, akaanguka jikoni, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali, watoto wake walikubaliana kumtunza kwa zamu, mara kwa huyu, mara kwa yule. Hakuna aliyemtesa.

"Walinipenda sana," bibi anasimulia, ameketi mlangoni kwake akichambua mchele. "Lakini hata chai nilikuwa naomba. Mtu mzima ukiomba chai kila siku, unajiona mgeni duniani."

Mkwewe aliliona hilo kabla hajaambiwa. Siku moja alimrudisha bibi kutazama nyumba yake, akamfuata nyuma na chaki mkononi. Kila bibi alipoegemea, fundi aliweka alama. Mabomba yaliyobaki kwenye kazi za mageti akayakata, akayalainisha kingo, akayafunga ukutani.

Kishikio cha kwanza kiling'oka pamoja na plasta. "Namshukuru Mungu nilijining'iniza mimi kwanza," anasema. "Nilikaa chini pale sakafuni nikalia. Ingekuwa yeye, nisingejisamehe."

Akaanza upya kwa skrubu ndefu zinazofika kwenye tofali. Bibi alirudi kwake, na asubuhi ya kwanza akajipikia chai mwenyewe. Jirani akaja kuangalia, akamleta dada yake, na dada naye akaleta wengine.

Kwa dereva wa treni, kazi inaendelea mpaka mchana. Fundi anahamisha bawaba ili mlango wa bafu ufungukie nje. Anakata kizingiti. Anakiinua kitanda kwa vipande vya mbao mpaka mzee akikaa, nyayo zinatua sakafuni na magoti hayampandi kifuani. Masufuria yanashushwa kutoka rafu ya juu. Kila kishikio anachofunga anakining'inia kwa uzito wake wote, miguu juu, na binti wa mzee anafumba macho.

Ugomvi unabaki kwenye kiti cha kuogea.

"Nimeendesha treni maisha yangu yote," mzee anasema. "Leo nioge nimekaa?"

"Kwani treni uliiendesha umesimama?"

 Mzee anacheka, cheko la kutoka tumboni, hadi binti anatoka jikoni kuangalia kumetokea nini. Mzee anachukua taulo na kuingia bafuni.

Nje, binti anasimama kwenye ujia. Maji yanasikika, kisha kimya. Anainua mkono abishe. Fundi anatikisa kichwa taratibu. Kimya kinavuta, kisha maji yanamwagika tena, na mzee anakohoa vizuri tu.

Anatoka amevaa shati safi, kifungo kimoja kimekosea tundu. "Mbona mmesimama hapa kama mnasubiri tiketi?"

Binti anamrekebishia kifungo, machozi yakimlengalenga. "Nitakuja Jumapili, baba. Kukutembelea tu."

"Njoo na watoto," anasema mzee. "Na ubishe hodi."

Kisha anamgeukia fundi, anamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, mwanangu. Nilikuwa nimeshaanza kuiaga nyumba hii."

Kazi hii hailipi kama mageti, Mama Vishikio anakiri, na kuna nyumba anazofanya kwa shukrani tu. Halalamiki. "Kuna mtu aliyenibakiza kwake wakati sikuwa na pa kwenda," anasema. "Kila mzee anayebaki kwake, naona kama ninamshukuru yule."

Kinachomsumbua ni kwamba wengi humwita baada ya mtu kuanguka. Ndiyo maana ameanza kusafisha uwanja ulio kando ya karakana yake. Anataka kujenga bafu na chumba cha mfano, familia zije zijaribu vishikio, kitanda na mlango mzazi akiwa bado mzima. Na mafundi wengine waje wajifunze, kwa sababu simu zinazidi na mikono yake ni hii hii miwili.

Mama mkwe ameshajitengea nafasi humo. Ameomba awe anakaa pale kupokea wageni, awaonyeshe namna ya kuinuka kitini bila kumwita mtu.

"Fundi nitakuwa mimi," anasema Mama Vishikio, akifunga kamba za mfuko wake wa vifaa. "Mwalimu ni yeye."