Msusi Aliyeacha Kukaza

Mke wangu alikuwa msusi. Watu walimwita Kaza. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alipewa na vichwa vya watu. Ukisukwa naye, siku mbili za kwanza hata kucheka unaogopa, nyusi zinauma. Lakini misuko inakaa mwezi na nusu, hautoki unywele.

Wanawake walimfuata kwa hilo. Mtu anakaa kitini anasema, "Kaza, shoga, nibane mpaka nione nyota." Naye anamjibu, "Nyota utaziona, na mwezi nakupa wa nyongeza."

Amefariki miezi saba sasa. Mimi ni mwashi, shule sikwenda. Herufi hizi alinifundisha yeye, kwa madaftari ya watoto. Binti yetu amesema niandike habari za mama yake kabla sijazisahau. Sitazisahau, ila naandika.

Kiti chake kilikuwa cha tatu kutoka mlangoni, katika saluni ya mwanamke tuliyemwita Bosi. Viti vilikuwa vitano, kioo kimoja kirefu, feni moja inayopuliza upande. Alikalia kazi ile miaka kumi na sita. Kusimama, niseme. Anayekaa ni mteja.

Ugonjwa ulianza nyuma ya sikio la kulia. Ngozi iliinuka kidogo, ikawa nyeusi ya kuelekea zambarau, na juu yake magamba meupe. Yalikuwa yanabanduka kama chokaa kwenye ukuta uliokunywa maji. Yakapanda hadi utosini, yakashuka kisogoni. Mabegani weupe ukawa hauishi.

Dada yangu alipomwona alisema, "Wifi, unatoka mashineni? Mbona una unga hivyo?"

"Nilikwenda kumsagia mama yako," mke wangu akamjibu. "Wewe umemsahau."

Alicheka, lakini nyumbani hakucheka. Alidhani ni mba. Kila asubuhi alikaa mbele ya kioo na chanuo lake lenye mkia mrefu, ule mkia wa kugawia nywele, akawa anakwangua. Gamba likitoka linatoka na nywele zake, na damu kidogo. Alijaribu ndimu. Alijaribu siki. Kisha alijisuka mwenyewe, akajibana sana ili mabaka yajifiche chini ya misuko, na juu akafunga kilemba. Nywele zikazidi kutoka. Nilikuwa nazikuta kwenye ufagio. Juu ya sikio pakabaki wazi, upana wa kiganja changu, na kiganja changu si kidogo.

Siku moja aliinama kumwosha mteja, kilemba kikateleza kikaanguka kwenye beseni. Mteja akafungua macho.

"Mungu wangu, mapunye! Na hilo chanuo umenipitishia mimi?"

Mapunye kila mtu anayajua, yanaambukiza. Wateja wawili wakainuka, mmoja kichwa nusu kimesukwa. Bosi alimwita pembeni. Alikuwa na mwili mkubwa na sauti ndogo.

"Mdogo wangu, nakupenda. Lakini niletee neno la daktari ndani ya wiki. La sivyo kiti nampa mwingine."

Tukaenda kwa daktari wa ngozi, wote wawili. Mwanamke kijana, miwani imemshuka puani. Alimwangalia kichwa kwa taa, akamwangalia viwiko, akamwangalia kucha.

"Mama, haya si mapunye. Hayaambukizi. Hata mzee hapa mmelala mto mmoja miaka mingapi?"

"Thelathini," nikasema.

"Umemwona na magamba?"

"Huyu ana saruji tu," mke wangu akasema.

Daktari alitueleza. Ugonjwa unaitwa soriasisi. Ngozi inazaliwa mbio kuliko inavyotakiwa, ya juu haijaondoka, ya chini imeshafika, zinarundikana. Alisema hauponi kabisa, unatulizwa. Unaondoka, unarudi, mgeni asiyepiga hodi.

"Na nywele?" mke wangu akauliza. Hilo ndilo lililomleta.

"Mara nyingi zinarudi, ugonjwa ukitulia. Ila nani anakukwangua hivi?"

"Mimi mwenyewe."

"Na nani amekubana hivi?"

"Mimi."

Daktari akavua miwani. "Ngozi ya namna hii ukiijeruhi, inaweza kuota magamba palepale ulipoijeruhi. Na nywele ikivutwa kila siku, hata ya mtu asiye na ugonjwa, shina linachoka. Likivutwa miaka, halirudi. Usikwangue. Usibane. Lainisha, halafu acha gamba lidondoke lenyewe."

Tulipofika mlangoni kwetu nikatoa ufunguo. Akasema, "Baba, mimi nimewabana watu wangapi?"

Nikafungua mlango.

Dawa nilimpaka mimi, maana nyuma hafiki. Mafuta kwanza, jioni, magamba yalainike. Baadaye anaosha kwa shampuu inayonuka lami, kisha dawa ya maji. Siku ya kwanza akaruka. "Wewe! Unapaka mafuta au unapiga lipu?" Nikajifunza kutumia ncha za vidole. Harufu ile ikijaa chumbani alikuwa akisema, "Pole mume wangu, umeoa barabara mpya."

Kazi ngumu ilikuwa kuacha kukwangua. Mikono ya msusi haijui kupita kichwa bila kukigusa. Asubuhi, chai ikiwa mezani, nilimkuta amekalia mikono yake miwili, chai inapoa. Nikamnywesha. Mwezi wa nne wa dawa nywele zikatokeza juu ya sikio, fupi, laini kama za mtoto.

Cheti cha daktari Bosi alikibandika kwenye kioo. Wateja walirudi, wengi. Kiti kikabaki chake. Ningependa kusema mambo yaliishia hapo.

Lakini alikuwa ameacha kukaza. Alisuka vizuri, mistari imenyooka kama kamba ya mwashi, ila kwa mkono mwepesi, na nywele za pembeni mwa uso hakuzigusa. Misuko ikawa inalegea wiki ya tatu. Watu wakanung'unika. Kuna mwalimu mmoja, mteja wake wa miaka kumi na miwili. Hayo yaliyotokea nilihadithiwa na wasusi wenzake, yeye hakuwa mtu wa kujisimulia. Mwalimu alishika misuko akaipima.

"Hii nini? Kaza bwana."

"Sikazi."

"Unaitwa nani wewe?"

"Jina mmenipa ninyi. Sikazi, mwalimu."

"Basi wa kiti cha nne atanikazia."

Mke wangu akachukua kioo kidogo cha mkono, akamwekea mbele ya paji la uso. "Angalia hapa, na hapa. Hapa palikuwa na nywele ulipokuja kwangu mara ya kwanza. Hukuzaliwa na paji hili. Nimezing'oa mimi, kidogo kidogo, na wewe ukinishukuru. Nisamehe."

Mwalimu alishika paji lake. Kisha akavuta mkoba wake akahamia kiti cha nne. Akakazwa.

Bosi alimwita nje, kwenye mapipa ya maji. "Unaniua, mdogo wangu. Unawaambia wateja kwamba saluni yangu inawanyonyoa?"

"Nimesema mimi. Sikusema ninyi."

"Wameelewa sisi sote. Watu wanakuja hapa kwa ajili ya Kaza. Kaza, au niachie kiti."

Alirudi ndani, akamaliza kichwa alichokianza. Akafagia chini ya kiti chake. Akaweka machanuo yake kwenye mfuko, akawaaga wenzake mmoja mmoja, akaja nyumbani saa tisa mchana. Miaka kumi na sita sikuwahi kumwona nyumbani saa tisa. Nikadhani kuna msiba.

Tukasogeza makochi, akaweka stuli sebuleni karibu na dirisha. Mwezi wa kwanza alipata wateja wawili, mmoja dada yangu, naye alifuata udaku. Kila anayeingia alimwambia kabla hajakaa: "Kwangu inakaa wiki tatu. Ukitaka mwezi nakuelekeza saluni nzuri." Wengine walielekezwa wakaenda. Wengine wakakaa. Walianza kuja wenye vichwa vinavyouma, wenye mabaka kama yake, waliokuwa wanaona aibu kuvua vilemba mbele ya kioo kirefu. Lakini sebule haikujaa. Miaka kumi na moja alisuka pale, na sikumbuki hata siku moja walipofika wanne.

Ugonjwa ulirudi mara nyingi. Mwaka aliofiwa na mama yake ulirudi vibaya, nywele zikapungua tena. Hakuficha. Alisuka watu akiwa na kichwa wazi, mafuta yanang'aa, na mteja akiuliza, anamwambia ni nini na si nini.

Mara moja tu nilimwuliza kama anakitamani kile kiti. Alikuwa anatenganisha rasta za kusukia magotini.

"Kule nilikuwa nasifiwa," akasema. "Hapa wanatoka wanacheka."

Akainua kichwa akaniambia nitoe viatu vyangu vya saruji kwenye zulia, kuna mteja anakuja.