Kaviha na Bunduki ya Kanga

Tulikuwa hatujanawa mikono baada ya mazishi Kaviha aliponifuata jikoni na kuniuliza, "Shemeji, chombo kiko wapi?"

Baba yake alikuwa amelala kaburini kwa muda usiotosha kuivisha chungu cha kunde. Nilidhani anataka maji, nikampa kata. Akacheka, akaelekeza kidole chumbani kwa marehemu.

"Chombo, mwalimu. Chombo cha mzee."

Alikuwa akitaka bunduki.

Kaviha wa Nzai ni mdogo wake marehemu mume wangu, Absalom. Alizaliwa hapa hapa Kisauni katika nyumba ya Kikristo, na kama angalitaka angalisoma kama kaka yake, aliyefika kuwa karani. Lakini Kaviha alikaa darasani mpaka akajua kuandika jina lake, akaona yatosha. Akaenda kupakua meli Kilindini, akapanga chumba Changamwe. Sisemi kazi ya mikono ni aibu. Baba mkwe wangu, Mzee Nzai, alilima mihogo maisha yake yote na sikupata kumwona mchafu mezani. Aibu ya Kaviha ni kwamba sijasikia hata siku moja akitaja jambo alilolifanya mwenyewe. Kila alipotaka kusifiwa alimtaja baba yake, na kila alipomtaja baba yake aliitaja bunduki.

Ilikuwa bunduki ya marisau, yenye mitutu miwili, na kitako chake cha mti mwekundu kilikuwa kimechongwa majani. Niliikuta juu ya mlango wa chumba cha mzee nilipoolewa. Serikali ilimruhusu kuwa nayo kwa sababu ya ngedere na nguruwe waliokula mashamba, ingawa sikumbuki kumwona akiifyatua. Mtu akimwuliza aliipata wapi, mzee alijibu neno moja tu: "Kondoni."

Kondo, kwa Kigiriama, ni vita. Nasi tuliosoma tukajua mara moja vita gani: vile vya Mjerumani vya mwaka wa kumi na nne, kwa kuwa vijana wengi wa pwani walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi na wengi hawakurudi. Mzee hakusema ndiyo wala hapana. Hadithi ikakua yenyewe, kama mmea usio na mwenye kuupanda. Akapatikana Mzungu aliyejeruhiwa, ukapatikana mto uliofurika, na Nzai akawa amembeba Mzungu mgongoni mpaka ng'ambo. Sijui nani aliianza. Ninachojua ni kwamba wageni wa heshima walipokuja, mchungaji au wakubwa wa ofisini kwa Absalom, walionyeshwa mlango ule, na waliinua macho kwa adabu.

Basi nilimwambia Kaviha siku ile ya mazishi, "Chombo kinangoja hanga ivu kama vitu vingine vyote."

Kwetu mtu huliliwa mara mbili. Kuna hanga itsi, kilio kibichi, mara tu anapozikwa. Kisha, miezi baadaye, watu hukusanyika tena kwa hanga ivu, kilio kilichoiva, na hapo ndipo vitu vyake hugawanywa. Sisi ni watu wa kanisa, lakini hatujaiacha desturi hiyo, na mpaka siku hiyo ifike vitu vya marehemu hukaa katika nyumba ya mwanawe mkubwa. Mwanawe mkubwa alikuwa Absalom. Absalom hayupo, nyumba yake ni mimi.

Jumapili ya tatu nilirudi kanisani nikakuta msumari mtupu juu ya mlango.

Sikuhitaji kuuliza. Nilivaa tena viatu vyangu vya kanisani nikaenda Mtopanga, kwenye mangwe, yaani pale wanapouzia tembo la mnazi. Sijawahi kukanyaga mahali hapo kabla wala baada. Kaviha alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, bunduki magotini, mkononi ana ubavu wa mbuzi. Aling'ata nyama, akafuta vidole kwenye kitako cha bunduki, akasugua.

"Mafuta ya mbuzi ndiyo dawa ya chuma," aliwaambia wanywaji wenziwe. "Basi mzee akamtia Mzungu mgongoni hivi..."

"Alikuwa mzito?" mmoja akauliza.

"Mzito! Kama gunia la saruji!"

"Mbona juzi ulisema alikuwa mwembamba?"

"Alikuwa mwembamba. Kisha akanywa ule mto."

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga tembo lake. Kaviha aliponiona akaruka juu. "Simameni, darasa! Mwalimu ameingia!" Nao wakasimama, watu wazima wenye mvi, wakiyumba, wakaimba, "Shikamoo, mwalimu."

"Ilete," nikasema.

Akaileta, kwa kuwa alijua desturi. Ilinuka mbuzi na tembo. Niliibeba kwa vidole viwili mpaka nyumbani, nikakisugua kitako kwa majivu na ndimu, na ile harufu haikutoka.

Hanga ivu ilifanyika mwaka mmoja baada ya vita vya Hitler kwisha. Walikuja watu wengi kutoka bara, na miongoni mwao alikuwamo mwanamke mzee aitwaye Dhahabu, binamu wa baba mkwe wangu, wa upande wa mto Sabaki. Hakuwa amepata kuingia nyumba yetu. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaniitikia, "Marahaba, mwanangu," akaketi mkekani karibu na mlango, akalia kilio cha haki, kwa machozi. Nilimpenda.

Watu walipokwisha kula duru ya kwanza, vitu vikatolewa. Katika ukoo wetu kitu hutoka mkononi mwa nyumba kubwa, naye mrithi, kabla ya kukipokea, husema mbele ya wote kilikotoka, ili asije mwingine baadaye akadai ni chake. Kitanda kikaenda, majembe yakaenda. Mwisho nikasimama na bunduki. Kaviha alikuwa amevaa koti la kaka yake.

"Bunduki hii," akasema kwa sauti ya mhubiri, "baba yangu Nzai aliipata kondoni..."

"Eee," Dhahabu akaitikia kutoka mkekani. "Kondoni. Kweli."

"...alipomwokoa Mzungu mkubwa mikononi mwa Wajerumani."

"Mwa nani?"

"Wajerumani, mama."

Mama yule akamgeukia jirani yake kana kwamba hakusikia vizuri. "Mjerumani alikaa Sabaki lini?"

Watu wakatabasamu. Kaviha naye akatabasamu. "Mama, kondo ya Mjerumani. Ile kubwa."

"Kubwa kwa nani? Kondo tunaijua moja, mwanangu. Ni ile serikali ilipotutoa ng'ambo ya Sabaki kwa moto. Mwaka ule ule, ndiyo, lakini Mjerumani hakuwako. Tulikuwako sisi."

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Watu wao walikimbilia msituni na watoto na mbuzi, nao askari walizunguka siku nyingi bila kuwaona kwa sababu hawakujua kivuko. Nzai alikijua, maana mama yake alizaliwa kule. Alikuwa kijana wa misheni, ana shati, anajua Kiswahili cha Wazungu. Alitembea mbele, askari wakamfuata. Nyumba ya mama yake Dhahabu ilichomwa na chakula ndani, na nyanya yake ndani.

"Yule Mzungu wao akamwuliza Nzai, wataka nini? Mbuzi wetu walikuwa pale, tele. Hakutaka mbuzi. Mbuzi wana alama masikioni, angejulikana. Akaomba hiyo. Wala si bunduki ya vita. Ni ya kanga. Nyumba zafuka moshi, naye Mzungu yuko kando anapiga kanga wa chakula chake cha jioni."

Niliitazama mikononi mwangu. Miaka mingi nilikuwa nimeisoma kwa macho yaliyosoma vitabu, na sikuwahi kujiuliza jambo ambalo mwindaji yeyote angeliuliza: nani huenda kupigana na Mjerumani kwa marisau ya ndege?

 Hapo ndipo Kaviha alipofanya lile ambalo hata leo nikilikumbuka naona kinyaa. Alikwenda kwenye masufuria, akainua paja la mbuzi kwa mkono, akarudi nalo likidondosha mafuta juu ya koti la Absalom, akaliweka mbele ya Dhahabu.

"Chukua hili, mama, ukale na wajukuu. Tuyafunike."

Dhahabu alilitazama paja, kisha akamtazama yeye.

"Wanipa mbuzi? Mimi?" Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mwana wa Nzai. Baba yako angalau mbuzi aliwaonea haya."

Wazee wakaanza kukohoa. Mmoja akaniambia kwa upole, "Mpe bunduki yake, mwalimu, yaishe, watu waendelee kula."

"Kwanza akanushe," nikasema. "Kaviha, sema mbele ya watu hawa kwamba mama huyu amesema uongo, nami nitakupa."

Nilitaka akanushe. Namwogopa Mungu, lakini nilitaka. Kama angeapa, ningemwamini na jina letu lingesimama.

Kaviha akajikuna shingo, vidole vikaacha mafuta. Akasogea karibu nami, akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Mzee aliniambia, shemeji. Alipokuwa mgonjwa. Lakini nani atakununulia tembo kwa hadithi kama hiyo?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Ni mmoja tu, lakini nilimsikia.

Nilimgeukia Dhahabu nikapiga magoti, nikamwekea bunduki mkekani. "Mama, ni yako kuliko yetu."

Akaisukuma kwa mguu. "Nikafanye nini nayo? Silali na kitu hicho nyumba moja. Mimi nilikuja kumlilia binamu yangu, na nimemlilia. Ondoa hicho, mwanangu, na paja lenu la mbuzi pia, nguo zinachafuka."

Asubuhi niliifunga bunduki kwa shuka nikaenda kituo cha polisi. Kibali kilikuwa kwa jina la mzee, na mzee amekufa. Kaviha alinikuta njiani, bado na koti lile, macho mekundu.

"Unaliaibisha jina la baba yetu!"

"Baba yenu aliliaibisha mara moja, kisha akanyamaza mpaka kufa. Wewe ulijua, ukalinywea. Vua koti la mume wangu."

Alilivua pale pale barabarani, akalitupa. Sikuliokota.

Kituoni palikuwa na askari Mkamba aitwaye Kioko, kijana nadhifu, mwenye vifungo vinavyong'aa. Alifungua shuka, akapitisha mkono juu ya yale majani yaliyochongwa.

"Bunduki nzuri, mama. Marehemu aliipata wapi?"

"Kondoni," nikasema. Neno lilitoka lenyewe, kwa sauti ile ile ya mzee.

"Kondo ndiyo nini?"

"Vita."

"Ahaa, vya Mjerumani!" Akajinyosha, karibu apige saluti. "Baba yangu pia alikwenda. Hakurudi."

Ningeweza kunyamaza. Mzee alinyamaza hapo hapo, maisha yake yote, na watu wengine wakamalizia kwa niaba yake.

"La," nikasema. "Vya Wagiriama. Aliwaonyesha askari kivuko ili wawachomee ndugu zake nyumba, akalipwa hii."

Kioko akautoa mkono wake juu ya bunduki. Akaifunika tena kwa shuka, akaisukuma ukutani.

Kaviha yuko hai na bado ni kuli. Nasikia Jumapili huwa Mtopanga, na kwa kuwa hana bunduki hutumia fimbo, na Mzungu sasa amekuwa wawili, mmoja kila bega. Wakimwuliza chombo kiko wapi, husema shemeji yake mwenye wivu amekiuza. Wajinga humnunulia tembo. Nyumbani kwangu niliung'oa ule msumari kwa koleo, na mgeni anayekumbuka na kuinua macho juu ya mlango, namkalisha chini, nampa maji, kisha namwambia kondo gani.