Baridi ya Nyumba ya Mama

Sogeeni huku ukutani, ndiko kivuli kimebaki. Wewe uliye mlangoni, uache wazi hewa ipite. Huyo mtoto apewe nyonyo anyamaze, na hiyo redio izimwe. Tangu asubuhi mnalia joto, joto, nami nimewasikia, na joto hili linanikumbusha mtu. Nyamazeni basi niwaambie, na mkicheka mcheke polepole.

Nilipokuwa mtoto, miaka ile ya tisini ilipokuwa inaanza, kwetu karibu na Sironga watu walikuwa wameshikwa na ugonjwa wa mabati. Kila mwenye kijana aliyeajiriwa alitaka paa linalometa mpaka mlima wa pili. Nyasi za kuezekea nazo zilikuwa zimekwisha, kila kipande kimepandwa majani chai. Baba yangu, Ondieki, alikuwa mchukuzi katika duka la vifaa vya ujenzi la Wahindi kule Keroka, na alikuwa amesema mbele ya watu kwamba kabla hajajiezekea yeye, ataanza na mzazi wake. Akafanya hivyo. Mwezi wa kumi na moja mabati yakashuka kwenye lori, na fundi akaja kutoka Nyakoe, mtu mwenye maneno mengi na misumari mdomoni.

Babu yangu tulimwita Sokoro, ndivyo babu anavyoitwa kwetu, na nyanya tulimwita Magokoro. Nyumba yao ilikuwa ya mviringo, ya nyasi nzito zilizoiva kwa moshi, na juu kabisa, pale nyasi zinapokutana, palisimama kijiti. Mnaojua mnajua. Kijiti kile ndicho mwenye nyumba. Kikiwa kimesimama, anayepita barabarani anajua ndani kuna mwanaume anapumua. Akifa, kinavunjwa. Hakivunjwi kwa sababu nyingine yoyote.

Fundi alipanda akaanza kung'oa nyasi, na kijiti akakitupa chini pamoja na uchafu. Kilianguka karibu na miguu ya Magokoro.

"Ondieki," akaita. "Mwambie mtu wako ashuke. Ameshusha kijiti na mwenyewe amekaa pale anakunywa uji."

Baba alicheka, cheko la mtu mwenye aibu. "Mama, kwenye bati kijiti kitakaa wapi? Watu watauliza kama tumeweka waya wa redio."

"Wacha wacheke. Kirudi."

"Nitaona."

Hakuona. Alikuwa mtu wa kanisa, na siku ile majirani wote walikuwa wamesimama uani wakisifu. Magokoro aliokota kijiti, akakifuta kwa leso yake, akaingia nacho ndani.

Halafu mvua ikakataa. Kwetu kumezoea baridi, watoto wanaamka na makamasi, jua letu ni la kuanikia mahindi tu. Lakini Januari ile jua lilikuja kama limetumwa. Kuku walitembea midomo wazi. Majani ya migomba yalikunjika kama barua. Tulikuwa tunakata mashina ya migomba, tunayapasua, tunampa ng'ombe atafune maji yake. Mama yangu alikuwa akikandika sakafu kwa samadi mbichi na maji kila asubuhi, akitundika gunia lililoloweshwa mlangoni, akiweka mtungi kwenye pembe ya giza. Nyumba yetu ilikuwa bado ya nyasi, maana zamu yake ya bati haikuwa imefika. Ukitoka juani ukaingia kwa Mama, ilikuwa kama mtu amekuwekea kiganja chenye maji kwenye shingo.

Kwa Sokoro ilikuwa chungu kwenye moto. Bati lililia tangu saa nne, ta, ta, ta, likijinyoosha, na dari hakuna. Sokoro alikuwa na kifua kibaya tangu zamani. Alikuwa akikaa kitandani anavuta pumzi kama anavuta kamba kutoka kisimani, na Magokoro anampepea kwa uteo. Siku moja Sokoro alisimama, akachukua kigoda chake na blanketi, akahamia kwenye banda la ng'ombe.

Banda lile lilikuwa la nyasi. Baba hakulikumbuka wakati wa kuezeka, na hapo ndipo babu yangu alipopata kupumua. Alitandika majani makavu upande mmoja, ng'ombe wetu mweusi upande wa pili, wakatazamana. Ndani mlinuka mkojo na maziwa, lakini mlikuwa na upepo. Magokoro yeye alibaki chini ya bati. Alisema mwanamke hatoki nyumbani kwake kwa sababu ya jua.

Jirani mmoja, Nyangau, aliyekuwa akipita na kikapu chake cha majani chai, akapaza sauti kutoka njiani: "Mzee! Nasikia umeoa tena?"

"Nimeoa," Sokoro akamjibu. "Na huyu wangu hanitukani asubuhi kama wako."

Nyangau alicheka mpaka kikapu kikainama. Nasi tulicheka. Lakini utani ule ulipanda gari ukafika Keroka.

Sasa mtaniuliza, mbona asiingie kwa Mama, na nyumba yake iko pale, hatua chache kutoka bandani? Enyi watoto wa siku hizi. Kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni ile heshima ya kuepukana. Baba mzazi haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hakai kitandani kwake, hamtazami mke wa mwanawe machoni. Akivunja, Magokoro alituambia, nyumba ile haikui tena. Watoto wake wanakonda mpaka wanaisha. Mama yangu na Sokoro waliishi boma moja miaka yote, wakipendana sana, na sikuwahi kuwaona wamesimama karibu. Maneno yao yalipita kwangu.

Mama alikuwa akisimama nyuma ya ua wa miti, ananisemesha kwa sauti ambayo hata ng'ombe anaisikia: "Kerubo, mwambie Sokoro uji uko tayari, nimeutia maziwa yaliyoganda."

Na Sokoro kutoka bandani, akiutazama ukuta: "Kerubo, mwambie aliyepika asante. Mwambie jana ulikuwa na chumvi."

"Kerubo, mwambie jana nilikuwa namfikiria yeye, mkono ukateleza."

Mimi katikati nikizungusha kichwa kama kuku, sijasema neno hata moja, na ujumbe umeshafika.

Baba alikuja Jumamosi. Hakusalimia mtu. Alienda moja kwa moja bandani, akasimama mlangoni na viatu vyake vya mjini, mimi nikiwa nakamua.

"Tata, nimeulizwa Keroka, mbele ya tajiri wangu, kama babangu amekuwa ng'ombe."

Sokoro alimkuna ng'ombe shingoni. "Ukawaambiaje?"

"Ningewaambia nini? Nimekuezekea nyumba nzuri kuliko zote upande huu. Unalala kwenye mavi. Watu wanasema nimekufukuza."

"Kuna joto, Ondieki."

"Kuna joto kila mahali. Hata dukani kuna joto."

Magokoro alikuwa amefika nyuma yake. Alikuwa na kile kijiti mkononi. "Rudisha hiki kwanza. Kifunge hata kwa waya. Ndipo umwambie mtu arudi."

"Mama, tafadhali. Tafadhali."

Sauti ya Baba ilikatika pale, kama ya mtoto. Nafikiri Sokoro aliisikia hiyo sauti kuliko maneno yote. Alimpapasa ng'ombe mara moja. Halafu akaokota blanketi lake, akalikung'uta.

"Nitarudi. Mtu amenunuliwa paa na mwanawe, nani atalikataa? Usiliseme tena, Ondieki. Na huko Keroka waambie nilikuwa natibu ng'ombe."

Baba alibeba kigoda mwenyewe mpaka ndani. Alikuwa amefurahi. Namkumbuka alivyokuwa amefurahi, na ndicho kitu kinachoniuma zaidi nikikumbuka siku hiyo. Jumapili jioni alirudi kazini akipiga mluzi.

Wiki iliyofuata ndiyo jua lilimaliza yote. Kijito cha chini kikawa matope. Siku moja, bado haijafika adhuhuri, kifua cha Sokoro kilisikika mpaka kwetu, kupita uani, kupita kelele za bati. Mama alikuwa anapepeta wimbi. Aliacha. Akasikiliza. Kisha akaingia nyumbani kwake haraka, akamwaga maji sakafuni, akaloweka gunia upya, akatandika mkeka mpya ambao hakuna mtu alikuwa ameukalia, chini, mbali na kitanda. Akawatoa wadogo zangu wote. Akachukua hata viatu vyake na leso zake, akavitoa nje, mpaka nyumba ikawa kama si ya mtu.

"Kerubo," akaniambia, na siku hiyo alinong'ona, "mwambie Sokoro nyumba haina mtu. Mwambie mimi naenda kwetu leo, sirudi mpaka jua lizame. Hatanikuta. Hatakuta kitu changu. Aingie tu alale."

Alimfunga mtoto mgongoni, akaondoka na wengine. Lakini hakwenda kwao. Alisimama kule chini kwenye majani chai, akageuza uso.

Nilimleta Sokoro kwa mkono. Alikuwa mwepesi. Magokoro alitufuata hatua mbili, akasimama uani akitutazama. Tulifika mlangoni. Nikafunua gunia lile lenye maji, na baridi ikatoka ndani. Mnaijua baridi ya nyumba ya nyasi iliyokandikwa asubuhi? Inatoka chini chini, inakushika vifundo vya miguu kwanza. Sokoro alifumba macho. Alisimama kizingitini, vidole vya miguu vimegusa mstari ambapo samadi mpya inaanzia, na kifua chake kikatulia kidogo. Nilisikia kimetulia. Nikamvuta.

"Ingia, Sokoro. Hakuna mtu."

"Wako watu," akasema.

"Hakuna. Wameenda."

"Mdogo wako wa mgongoni ana miezi mingapi?"

Sikujua. Nikamwambia hajaota meno.

"Umeona," akasema. "Hajaota hata meno."

Akashusha gunia taratibu, kama mtu anayefunika aliyelala.

"Basi twende kwa ng'ombe," nikamwambia.

"Nilimwambia Ondieki nimerudi."

Tukarudi chini ya bati. Magokoro akachukua uteo, mimi nikamwekea kitambaa chenye maji kwenye paji la uso. Bati likilia, ta, ta. Baadaye alinivuta sikio karibu. "Mwambie mamako," akasema, "niliisikia baridi ya nyumba yake. Mwambie niliisikia mpaka magotini."

Alikata roho jua likiwa bado juu ya paa.

Walipokuja wazee wa ukoo kwa mazishi, mmoja aliangalia juu, kwa mazoea tu, akitafuta kijiti wamtume mtu akakivunje. Kulikuwa na bati tupu linang'aa. Watu wote uani wakaangalia juu, halafu wakaangalia chini, na Baba alikuwa amesimama katikati yao. Magokoro akatoka ndani nacho.

"Msihangaike kupanda," akasema. "Chake kilishavunjwa mwezi wa kumi na moja."

Hakuyasema kwa ukali. Baba alikaa chini pale pale kwenye vumbi, na suruali yake ya mjini.

Mimi nimezeeka nikiligeuza jambo hili, na bado sijui ni upande gani nililaze. Daktari angesema ni kifua na joto. Magokoro mpaka anakufa alisema ni kijiti. Mdogo wangu yule aliota meno, akakua, ndiye huyo mjomba wenu mnene mnayemcheka, na mara nyingine nikimwona akila ugali nafikiri: huyu alinunuliwa. Halafu najiambia, Kerubo, alinunuliwa kutoka kwa nani, kama hakukuwa na aliyekuja kumchukua? Ningekuwa na jibu ningewapa. Nilicho nacho ni watu watatu waliopendana, kila mmoja alimpa mwenzake kitu kizuri alichokuwa nacho, paa, nyumba, heshima, na mtu akafa katikati ya vitu hivyo.

Mvua zilipokuja, boma likagawanywa. Ng'ombe mweusi alipewa Mama, akamkamua mpaka akazeeka. Banda lilirithiwa na kuku. Kijiti kilikwenda kaburini, Magokoro alikiweka mwenyewe. Magokoro nilimrithi mimi: niliacha shule darasa la nne nikahamia kwake, nilale naye asilale peke yake, na yote ninayojua yalitoka kinywani mwake gizani. Mama alipata yale maneno ya magotini. Nilimpelekea huko kwenye majani chai, akayapokea akiwa amenipa mgongo, na kila kiangazi alikandika sakafu ile kila asubuhi, hata alipokuwa mzee mikono inatetemeka, hata nyumba ilipokuwa haina mtu wa kuingia mchana.

Na Baba alirithi bati. Hatukumuona akilala chini yake hata siku moja. Lakini jua likianza kukaza, mwezi wa kwanza, alikuwa akiomba ruhusa dukani, anapanda ngazi na ndoo, anamwagia maji paa la nyumba ambayo Sokoro hayumo tena, mvuke unapanda, naye juu pale anauliza chini kwa sauti ndogo, "Kerubo, huko ndani kumepoa?"

Nami nikiwa ndani, jasho linanitoka, nikimjibu, "Kumepoa, Baba."