Wasifu wa Mwenye Nyumba Nisiyemjua

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, ndipo nilipokata kona ya mtaa mmoja wa Mabibo nikiwa na daftari kwapani na futi ya fundi mfukoni, na ninaomba muda huo ukumbukwe, kwa sababu mpaka saa tatu na dakika kumi na tisa nilikuwa bado mtu mwenye heshima zake. Aibu hii sijawahi kuisimulia yote. Mpwa wangu Happy anajua nusu, na kwa nusu hiyo tu ananicheka hadi leo.

Mie ni fundi wa mizani. Kazi hii sikufundishwa na mtu, nilijifunza kwa kufungua mizani mbovu na kusoma vitabu vya kuazima huko kwetu Singida, na nilipofika miaka arobaini na saba nikaamua kuhamia Dar, maana soko la Mabibo peke yake nilihesabu lina mizani nyingi kuliko mji wetu wote (na nyingi hazisemi kweli, lakini hiyo ni habari nyingine). Nilifikia kwa Happy, Gongo la Mboto, wiki ya tatu nalala kwenye kochi la sebuleni, na Jumamosi hiyo jioni mama mkwe wake alikuwa anaingia kutoka Tanga. Happy hakunifukuza. Alisema tu, "Mjomba, kochi ni moja." Kwa hiyo ilikuwa lazima nipate pa kulala kabla giza halijaingia, la sivyo nikalale stendi na boksi langu la vipuri.

Alhamisi mchana nilikuwa nimeonana na dalali wa Mabibo wanayemwita Chuma. Akaniambia kuna vyumba viwili vya uani, vijana wawili wanaishi humo, wanatafuta wa tatu wa kuchangia kodi, mwenye nyumba mzee mpole, geti la kijani mbele ya kinyozi. Kwenda kuona ni elfu kumi, na ukichukua chumba, dalali anapewa kodi ya mwezi mmoja. Nikamwambia nitafikiria. Nilifikiria kweli, na nilichofikiria ni hiki: mtu aliyekwisha kukutajia geti la kijani na kinyozi, elfu kumi unamlipa ya nini tena? Nikaamua kwenda mwenyewe. Nikaandika maswali kumi na nane ya kuwauliza hao wenzangu watarajiwa (unalala saa ngapi, unapika na nini, choo anafagia nani), nikavaa suti yangu nyeusi ili mwenye nyumba aone anampangisha mtu wa maana.

Geti la kijani nililikuta wazi. Mbele yake turubai, viti vya plastiki, wanaume wamekaa kimya, na kutoka ndani sauti za akina mama wakiimba wimbo wa kanisani taratibu. Msiba.

Sasa wewe niambie ungefanyaje. Kugeuka huwezi, wameshakuona, tena na suti nyeusi. Kuulizia chumba huwezi, utaonekana mnyama. Nikaona nikae dakika kumi, nitoe pole kama binadamu yeyote, halafu nimvute mtu pembeni nimuulize kistaarabu. Nikakaa. Kosa langu lote liko kwenye kiti kile.

Aliyekaa jirani yangu alikuwa kijana mmoja, Sudi, mpangaji wa uani. Akaninong'oneza kwamba aliyefariki ni mwenye nyumba mwenyewe, Mzee Kasian, presha, Alhamisi usiku, na mwili unasafirishwa mchana huo kwenda Njombe. Nikasema "Poleni sana," na nilimaanisha. Mara akaja mdogo wake marehemu, mtu mrefu, macho mekundu, wote pale wakimwita Baba Mdogo. Akanishika mkono.

"Karibu kaka. Samahani, wewe ni wa upande gani? Wa kazini?"

Hapana ni neno fupi, mtoto wa miaka miwili analiweza. Lakini watu walikuwa wamegeuka wananitazama, nikapima kusema "nimekuja kuona chumba" mbele ya nyuso zile, nikashindwa.

"Ndiyo," nikasema. "Kazini."

"Mungu mkubwa! Mama Neema! Wa kazini wamefika!"

Kumbe Mzee Kasian alitunza stoo ya mbolea miaka ishirini na sita, na tangu afariki hakuna mtu wa kazini aliyefika wala kupiga simu, na mjane alikuwa akiwaulizia kila saa. Akatoka ndani, mama wa umri wangu, khanga begani, akanishika mikono yote miwili. "Kumbe hawakumsahau," akasema. "Asante baba. Asante sana." Pale bado ningeweza kusema. Nikatazama viatu vyangu.

Halafu Baba Mdogo akaliona daftari. Akaeleza kwamba wasifu wa marehemu ulitakiwa kuandikwa na Neema, binti mkubwa, lakini kila akishika kalamu analia. "Tusaidie kaka. Ya nyumbani tutakwambia, ya kazini unayajua mwenyewe."

Mimi kazi nikipewa siwezi kuifanya nusu, ni ugonjwa. Nikawaita ndugu mmoja mmoja: alizaliwa kijiji gani, alisoma wapi, mwalimu wake wa darasa la kwanza aliitwa nani. Baba Mdogo na shangazi wakabishana mwaka wa ndoa, nikawasuluhisha kwa kuhesabu umri wa Neema. Na hapa ndipo ninapojionea haya zaidi, kwa sababu nilipofika kwa Sudi nilichomeka na maswali yangu.

"Hapa nyumbani watu wanalala saa ngapi?"

"Mzee saa tatu alikuwaga kashalala."

"Na nyie wa uani?"

"Sie? Saa sita hivi."

"Muziki mnapiga?"

"Kidogo." Akanitazama. "Mzee wangu, na hilo nalo linaingia kwenye wasifu?"

"Ni mazingira," nikamjibu.

Ya kazini nilitunga. Niliandika kwamba kwa miaka ishirini na sita mizani ya stoo yake haikuwahi kumpunja mtu hata kilo moja. Ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote.

Saa sita kasoro dakika tano jeneza lilikuwa limeshawekwa mezani chini ya turubai, basi linangoja barabarani, na mshereheshaji akatangaza kwamba mwakilishi wa kazini atasoma wasifu. Nikapewa maiki. Nikasoma utoto wake, nikasoma ndoa yake, watu wakaanza kulia, na mie nikajikuta namlilia mtu ambaye sijawahi hata kumwona. Nilipofika kwenye stoo nikatua kufungua ukurasa wa pili.

Katika ukimya ule akaingia Chuma, amekuja kutoa pole kama jirani yeyote. Dalali amezoea kuita wateja ng'ambo ya barabara, kunong'ona hajui. Akamwinamia Sudi, na mtaa mzima ukasikia:

"Oya, yule si mteja wangu? Mzee wa chumba cha uani? Kumbe kajileta kimyakimya anikwepe na elfu kumi yangu!"

"Mteja?" akauliza Baba Mdogo. "Chumba gani?"

Maiki ilikuwa mkononi na sikuwa na pa kuiweka, kwa hiyo nilikiri ndani yake. "Ni kweli. Naitwa Yohana, fundi mizani. Kazini kwa marehemu sipajui. Nilikuja kuona chumba, nikaona aibu kusema. Nisameheni."

Baba Mdogo akanivaa, akakamata kola ya suti mpaka ikachanika. "Unafanya maigizo mbele ya kaka yangu?" Sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma, "Jamani, matapeli siku hizi mpaka misibani! Mpekueni!" Wakanipekua, ikatoka futi. Mtu akauliza ya kupimia nini. Mwingine akajibu, "Labda jeneza," na watu wawili watatu wakacheka, wakaona haya kwamba wamecheka, na hasira yote ikanirudia mimi.

Mama Neema akasimama. "Mwachie, shemeji."

"Shemeji, huyu mtu ni mwongo!"

"Ni mwongo, nimesikia. Wakweli wa kazini wako wapi? Huyu kauliza mpaka jina la mwalimu wa mume wangu, mimi mwenyewe nilikuwa silijui. Amalize." Kisha akanigeukia, wala hakuwa na tabasamu. "Ila baba, usome yale uliyoambiwa tu."

Nikairuka ile sentensi nzuri, nikasoma yaliyobaki. Sijawahi kusoma kitu polepole vile.

Jeneza lilipopakiwa, Baba Mdogo alisema bila kunitazama kwamba chumba hakitapangishwa mpaka arobaini ipite. Sudi alinisindikiza hadi getini. "Mzee, si ungeniambia tu pale kwenye kiti? Ningekuonyesha mwenyewe, na mama angekubali ulale wakati wao wako safarini. Muziki tungepunguza."

Nje alikuwa ananisubiri Chuma, hana habari. "Mzee wangu, yameisha hayo. Kuna kingine, wauza nyanya wawili, wapole, shida yao wanaamka saa tisa usiku." Nikalipa kuona, nikalipa udalali, na saa kumi na moja jioni nilikuwa natandika godoro katikati ya matenga ya nyanya. Hao sikuwauliza swali hata moja.

Siku hizi nikifika popote, msibani, harusini, hata kwa ndugu, natamka kilichonileta kabla sijakubali kiti. Wapo wanaosema sina adabu, na sijibishani nao. Mama Neema aliporudi kutoka Njombe nilimpelekea ule wasifu umechapwa vizuri, nakala ishirini, ya stoo haimo. Alizipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani, akasema asante, na mbele yangu akasimama kuusoma mpaka mwisho. Hela ya nakala hizo siiiti hasara. Hasara ni elfu kumi ya kuona, elfu sitini ya udalali na elfu nane ya fundi aliyeshona kola: jumla shilingi elfu sabini na nane.