Kiti Kilichotazama Nyuma

Watu wa Nyansurura walikiita kitanda. Walianza siku ile ile nilipokisukuma kutoka kwenye karakana yangu kando ya barabara: mabomba yaliyochomelewa mstatili, magurudumu manne, na viti viwili bega kwa bega. Mimi nilikiita gari. Nilikuwa nimekitengeneza kwa ajili ya mama mkwe wangu, na ndiyo maana jina lile liliniuma, kwani hakuna mahali pabaya pa kumkaribisha mama mkwe kama kitandani.

Mimi si mtu wa Mara. Nilikuja kutoka Morogoro nikiwa kijana, nikifuata dhahabu kama wenzangu, nikashuka kwenye mashimo ya Nyakunguru na kupanda na vumbi tupu. Kilichoniokoa ni mashine ya kuchomelea. Nikaacha shimo, nikawa naunga makarasha ya kupondea mawe na fremu za pikipiki, nikaoa binti wa Kikurya, na mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa tukahamia huku Nyansurura, wilayani Serengeti, karibu na kwao. Wachimbaji wenzangu walinicheka kwamba nimeolewa. Niliwaacha wacheke.

Mama mkwe alikuwa mjane mrefu mwenye sauti nzito, na shamba lake la mahindi na mtama lilikuwa ng'ambo ya kilima. Magoti yalipoanza kumsumbua alipanda bodaboda, hadi siku ilipomwangusha kwenye matope, akaapa kutoipanda tena. Ndipo wanawe wawili wa kiume, wanaofanya biashara Mwanza, wakaamua kwamba mavuno yakiisha watamchukua akaishi nao mjini, kwenye nyumba nzuri yenye geti. Waliamua kwa upendo, siwalaumu. Lakini yeye alimwambia mke wangu, "Kule nitakaa kwenye kochi nisubiri kufa. Nikiweza kufika shambani kwangu, siondoki." Wanawe wakalikubali sharti hilo, nadhani kwa kuwa waliona haliwezekani.

Basi nikaingia kazini. Nilianza na magurudumu ya baiskeli, na kwenye kona ya kwanza spoku zikajikunja, maana chombo cha magurudumu manne hakilali upande kwenye kona kama baiskeli. Nikahamia rimu za pikipiki. Injini niliitoa kwenye pampu ya petroli iliyokuwa ikivuta maji mashimoni, ndogo lakini yenye kelele za kuamsha kijiji. Ukivuta kishikio, mkanda wa injini unakaza na injini inasaidia miguu. Ukikiachia, unabaki na pedeli zako. Nilikuwa na furaha siku zile. Hadi leo nikisikia harufu ya rangi mbichi juu ya chuma naona asubuhi zile, mke wangu akiniletea chai na kuniuliza kama gari la mama yake litakuwa na mlango.

Mila nilizijua, au nilidhani nazijua. Nyumbani kwetu bibi yangu mzaa mama alikula sahani moja na baba yangu. Huku, mama mkwe na mkwewe hawashikani mikono wala hawaketi pamoja, na mkikutana njiani unampisha. Miaka yote alizungumza nami kupitia kwa mke wangu, hata nikiwa nimesimama pale pale: "Mwambie mume wako chakula kiko tayari." Niliyazoea. Ila kichwani nilijiambia gari ni gari. Kwenye basi la Tarime nani anachagua wa kukaa naye?

Siku ya kumwonyesha, majirani walijaa uani. Nilimwamkia shikamoo kwa mbali, akaitikia huku akitazama mbuzi. Akakizunguka kile chombo polepole, akagonga bomba kwa fimbo yake, akaonekana ameridhika. Kisha akaviona vile viti viwili vilivyoachana upana wa kiganja. Akasimama. Mzee mmoja jirani akasema kwa Kiswahili, ili nisipitwe na neno, "Mura, kijana wangu, na huyu mama umemwekea upande gani wa kitanda?"

Uwanja mzima ulicheka. Mama mkwe alivuta kitenge usoni akaingia ndani, nami nikabaki nimeshika usukani, masikio yanawaka moto. Nilitamani kuchukua grenda nikikate vipande pale pale.

Jioni mke wangu alirudi kutoka kwao akiwa amejikaza asicheke.

"Anasema kiti chake ukigeuze."

"Kitazame wapi?"

"Nyuma. Wewe utazame mnakokwenda, yeye atazame mnakotoka. Katikati uweke ubao." Akakaa chini. "Na anasema umwekee pedeli. Yeye si gunia la mahindi."

Kugeuza kiti ilikuwa kazi ya saa moja. Pedeli ndizo zilizoninyima usingizi, kwa sababu mtu aliyekaa kinyume akikanyaga kwenda mbele, gari linataka kurudi nyuma. Tungekuwa tunavutana kama watu wanaogombea mbuzi. Nilihangaika mpaka nikapata gia mbili kwenye pikipiki iliyokufa, nikaziweka ziumane, moja ikizunguka huku, nyingine kule, na nguvu zake zikaungana na zangu. Pedeli zake nikaziunga na zangu moja kwa moja: nikikanyaga mimi, zake zinazunguka, akikanyaga yeye, nausikia mguu wake kwenye mnyororo wangu.

Alipanda. Alipanda mbele ya wale wale waliocheka, amevaa viatu vyake vya kanisani, na tukaondoka na kelele zetu kuelekea kilimani. Tulipovuka juu na kuanza kuteremka, nikasikia nyuma ya ubao, "Mkwe, zima hiyo injini. Kichwa kinaniuma."

Nilizima kabla sijaelewa kilichotokea. Alikuwa amesema nami. Si kupitia kwa mke wangu, si kupitia kwa mbuzi. Alisema nami, mgongo wake ukitazama mgongo wangu, na hakuna heshima iliyovunjika. Nilifurahi kama mtoto.

Wanawe walipokuja wakati wa mavuno, walimkuta shambani, ameketi kwenye kiti chake, anawapangia vibarua kazi kwa fimbo. Mkubwa alilizunguka gari mara mbili, akanishika bega. Walirudi Mwanza na magunia ya mahindi, bila mama yao.

Ile ikawa desturi yetu, msimu baada ya msimu. Kupanda tulitumia injini na miguu. Kuteremka tulizima na kuzungumza. Aliniambia mambo ambayo mke wangu hakuyajua: jinsi alivyoolewa, dada yake aliyeolewa ng'ambo ya mpaka wa Sirari na jinsi walivyoachana wakilia, wimbo aliouchukia kanisani. Aliuliza habari za mama yangu Morogoro na alinisema kwa kumdekeza mtoto. Kwa kuwa alitazama nyuma, yeye ndiye aliyeniambia nani anatufuata na nani ameficha uso asitusalimie. Sijawahi kucheka kama nilivyocheka kwenye mteremko ule.

Kisha msimu mmoja nikausikia mnyororo. Mguu wake ulikuwa mwepesi. Mwanzoni kidogo, halafu kila wiki zaidi, mpaka ikawa mimi ndiye ninayeizungusha miguu yake. Mke wangu hakujua, wala kaka zake Mwanza. Mimi tu nilijua, kwa nyayo za miguu yangu. Nilijua pia kwamba nikisema, watamchukua. Sikusema. Kila tulipofika chini ya kilima niliongeza mafuta kidogo, injini ikabeba ile sehemu yake.

Siku moja tukiwa juu, nikiwa nimeshazima, akasema, "Mkwe, hiki kilima siku hizi kimekuwa kifupi."

"Kimekuwa kifupi, mama."

"Asante," akasema, na akaanza kuniuliza habari za mbolea.

Alifia kwake, kitandani kwake, mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Watu walipopita kuuaga mwili, mimi nilisimama mbali, kwa heshima yake. Sura yake siikumbuki vizuri, na hilo linaniuma. Nakumbuka sauti yake na uzito wa mguu wake.

Baada ya matanga shemeji mkubwa aliniambia niondoe kiti cha nyuma na pedeli, niweke kibeba mizigo, lingetufaa kwa magunia. Ni wazo zuri. Nilimwambia nitaangalia.

Kesho yake nilikwenda shambani peke yangu. Chini ya kilima niliachia kishikio, nikazima injini, nikapanda kwa miguu yangu tu. Nyuma ya ubao pedeli zake zilizunguka, hatua kwa hatua na zangu, hazina mtu. Nilifika juu nimelowa jasho, nikakaa pale nikalia. Kilima kile hakikuwa kifupi hata kidogo.