Risala kwa Mwendo wa Cherehani

Wenzangu tuliomaliza darasa la saba Kariakoo mtakumbuka mahafali yetu: pilau jikoni tangu alfajiri, soda ndani ya pipa la barafu, na mtoto mmoja mwenye bahati akisimama kumsomea mgeni rasmi risala. Mwaka wetu bahati iliniangukia mimi, na nusura niipoteze kwa sababu ya mbio.

"Wewe binti, unasoma kama machinga aliyeona mgambo!" alisema mwalimu wetu wa Kiswahili, darasa likaangua kicheko. Alinipa hadi Jumatatu. Nisipotulia, angesoma Rehema, ambaye tayari alikuwa ameanza kuniomba nimwazime viatu vyangu, akisema, "Wewe si utakuwa umekaa tu, shoga?"

Mama, aliyekuwa fundi cherehani barazani kwetu, aliniketisha kando yake. "Mguu wangu ukienda, soma. Ukisimama, vuta pumzi." Basi nikasoma huku akipiga pindo la gauni: kwenye mkato aliinua mguu, kwenye nukta alikata uzi. Nikikimbia, alizuia gurudumu kwa kiganja na kunitazama juu ya miwani.

"Mama Salma, unashona gauni langu au risala ya mtoto?" aliuliza mteja.

"Vyote, dada. Kaa."

Wasukuma mikokoteni nao wakawa wanadakia wakipita, "Ndugu mgeni rasmiii!" Tulicheka hadi pindo likaenda upogo.

Jumatatu nilipita. Siku yenyewe nilianza vizuri, lakini nilipotaja uhaba wa madawati wazazi walishangilia, furaha ikanipanda, ulimi ukatimua mbio. Nikajikamata, nikanyamaza, nikavuta pumzi ndefu kweli. Mgeni rasmi akadhani nimemaliza. Akainuka akipiga makofi.

"Bado, mzee," nikasema kwenye kipaza sauti. Kisha, kwa hofu: "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akaketi. Uwanja ulilipuka kwa kicheko, nami nikaisoma risala yangu kwa utulivu hadi nukta ya mwisho.

Siku hizi binti yangu, anayefanya kazi Posta, husikiliza ujumbe wangu wa sauti kwa kasi maradufu. "Nitazeeka nikikusubiri, Mama," husema, nasi hucheka. Juzi nilimtumia salamu za sikukuu. Alipopiga simu, nilimuuliza kama alisikia pale niliponyamaza kidogo, nikimkumbuka bibi yake.

"Kwani ulinyamaza, Mama?"